Je, grisi nyingi huokoa cheni ya pikipiki inayopita mchangani?

SWALI: Fundi, mimi hununua omena katika fukwe za Usenge na Uhanya na kuwapeleka Bondo kwa pikipiki ya njia mbovu yenye injini ya sisi (cc) 200. Karibu kila siku napita kwenye mchanga mwingi. Cheni na sproketi nilizofunga zikiwa mpya zimekwisha kwa miezi minne, na sasa injini inatoa moshi wa buluu ninapopanda mlima na mzigo. Niliambiwa nipake cheni grisi nyingi ili mchanga usiingie, nami nimefanya hivyo kila wiki. Nakosea wapi? (Msomaji, Siaya)

JIBU: Ndugu msomaji, aliyekupa ushauri huo alikutakia mema, lakini grisi hiyo ndiyo iliyoila cheni yako. Moshi nao, kwa jinsi unavyoueleza, una uwezekano mkubwa wa kutokana na mchanga uleule uliopitia mlango mwingine. Pikipiki ya mchangani hutunzwa kwa kanuni mbili zinazoonekana kupingana: cheni ibaki kavu kwa nje, na sponji ya kichujio cha hewa iwe na mafuta. Wengi wanaoleta pikipiki zao katika karakana yangu hapa Kisumu kutoka fukweni huwa wamefanya kinyume chake.

Tuanze na cheni. Chembe za mchanga wa ufukweni kwa sehemu kubwa ni silika, madini ambayo katika kipimo cha Mohs yana ugumu wa 7, ilhali chuma cha kisu cha kawaida kiko karibu 5.5. Chembe hiyo ikiangukia cheni kavu hurushwa na kudondoka. Ikiangukia grisi hunasa, na kila cheni inapozunguka, grisi huisukuma kidogo kidogo hadi kwenye pini na bushi, mahali ambapo chuma husuguana na chuma. Sisi mafundi tuna dawa ya kusagia vali ili zikae sawasawa kwenye viti vyake, nayo haina siri yoyote zaidi ya chembe ngumu zilizochanganywa na grisi. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio ambao umekuwa ukiupaka kila wiki. Niliwahi kung'oa pini moja ya cheni iliyotoka ufukweni: miisho yake miwili ilikuwa bado ina unene wake, lakini katikati ilikuwa imelika upande mmoja hadi ukucha ukashika ukingo. Nilipoipaka ile grisi nyeusi kati ya vipande viwili vya kioo na kuvisugua, vilikwaruzana kwa sauti iliyosikika hadi upande wa pili wa meza.

Kwa hiyo osha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, si kwa petroli, kisha ifute na uiache ikauke. Jioni, pikipiki ikiwa imepumzika na cheni ingali na joto kidogo, tia oili nyepesi tone kwa tone upande wa ndani wa cheni, iache ipenye usiku kucha, na asubuhi ifute kwa kitambaa mpaka nje ionekane kavu. Oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya pini; inayong'aa nje hukusanya mchanga tu. Kama umefunga cheni ya saizi ya 428, umbali kutoka pini hadi pini huwa milimita 12.7, hivyo hatua 20 ni milimita 254. Vuta cheni ikaze na upime hapo: ikifika 259, ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu meno yaliyolika huimaliza cheni mpya haraka. Usiikaze kupita kiasi pia. Mchanga ukijazana kwenye meno, cheni hupanda juu na kujikaza yenyewe, na nguvu hiyo huangukia beringi ya shafti ya gia. Fuata kiasi cha ulegevu kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mkono wa gurudumu la nyuma, ukipima baada ya kuosha.

Sasa moshi, ambao ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukionekana asubuhi injini inapowaka tu kisha ukakoma, mara nyingi tatizo ni sili za vali. Ukionekana injini inapobeba mzigo, kama unavyoeleza, nashuku ringi za pistoni na silinda. Fungua plagi, pima mgandamizo, kisha mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu lake na upime tena. Ukipanda waziwazi kuliko kabla ya oili, ringi zimelika. Ukibaki palepale, tazama vali.

Kabla ya kutumia pesa kwenye silinda, tafuta mahali mchanga ulipopitia. Toa sponji, funga kitambaa cheupe kwenye kidole na ukipitishe ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta. Kikitoka na chembe unazozihisi kwa vidole, silinda imekuwa ikisagwa kila ulipowasha injini. Sponji kavu haizuii vumbi jembamba. Ni mafuta yake yanayolinasa. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji, ikaushe kivulini, halafu itie oili ya kichujio na kuiminya kwa viganja bila kuisokota, kwa maana kusokota hupasua viungo vilivyogundishwa. Petroli huharibu gundi hiyo, na mvuke wake hushika moto upesi. Paka grisi ukingo wa sponji unaokutana na kisanduku cha hewa. Hapo grisi ina kazi ya haki. Kagua pia ule mpira wa hewa kama una nyufa na kama klipu zake zimekaza, kwa kuwa sponji safi haina faida ikiwa hewa inapita kando yake. Kwa safari zako, fungua kisanduku hicho kila wiki, na upepo wa ziwa ukivuma mkali, mapema zaidi. Kama kichujio chako ni cha karatasi, usikioshe, kibadilishe.

Oili ya injini nayo ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyoelekeza, kwa sababu kwenye mchanga injini huzunguka sana huku pikipiki ikienda polepole, na injini inayopozwa na upepo hukosa upepo wa kuipoza. Nunua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwani klachi yako inaogelea katika oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Najua ilivyo rahisi kusukuma pikipiki ndani ya ziwa na kuiosha hapohapo, na hapa Kisumu pia tumeyaona magari yakioshwa hivyo pale Lwang'ni. Maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi ya kuozesha chuma kama ya pwani, lakini yale ya ukingoni hubeba mchanga hadi ndani ya ngoma za breki na beringi za magurudumu. Osha kwa ndoo ukiwa nchi kavu, na kama unatumia mashine ya maji ya nguvu, usielekeze bomba kwenye ekseli wala sili za shoki za mbele.

Kuhusu kuendesha, wenzako hupunguza upepo wa tairi ili likanyage eneo pana. Hilo ni sahihi, ila wewe una mzigo na tairi la tyubu: ukishusha mno, tairi litateleza juu ya rimu, livute tyubu na kung'oa valvu. Punguza kidogo tu, na ujaze tena kabla ya kuingia kwenye lami, kwa sababu tairi laini hupata joto na linaweza kupasuka. Ukikwama, usizungushe gurudumu wala kushikilia klachi nusu. Shusha mzigo, ilaze pikipiki ubavuni, jaza shimo kwa mguu, kisha iinue na uisubiri dakika chache kabla ya kuiwasha, ili oili irudi mahali pake.

Ikithibitika kwamba silinda imekwaruzwa, itapanuliwa na kuwekewa pistoni ya saizi inayofuata, kwa kawaida milimita 0.25 au 0.50 zaidi. Usikubali kazi hiyo ianze kabla kisanduku cha hewa na mpira wake havijatengenezwa, na mwambie fundi akuonyeshe kwa macho yako kile kitambaa cheupe kikitoka safi.