Mama anakojoa vizuri, iweje aambiwe figo zimedhoofu?

SWALI: Daktari, mama yangu ana kisukari kwa miaka mingi. Juzi alikwenda kupimwa kwa sababu ya uchovu, akaambiwa damu imepungua na chanzo ni figo. Mbona anakojoa kama kawaida, tena sana? Na figo zinahusiana vipi na damu? Nimnunulie vidonge vya kuongeza damu?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Nianze na mkojo, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Kwa siku moja figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Mwili wenyewe hauna hata lita 6 za damu kwa watu wengi; ni yaleyale yanapita tena na tena. Katika lita hizo zote, zinazotoka kama mkojo ni 1 hadi 2 tu. Nyingine hurudishwa mwilini pamoja na sukari, chumvi na madini yanayohitajika. Kwa hiyo figo iliyochakaa inaweza kuendelea kumwaga maji mengi huku uchafu kama urea na kreatinini ukibaki kwenye damu. Tena sukari ikipanda sana huvuta maji na kuongeza mkojo. Wingi wa mkojo hauthibitishi kwamba figo ni nzima.

Sasa damu. Figo huhisi kiasi cha oksijeni kinachozifikia, kisha hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Zikidhoofu, amri hiyo hufifia. (Figo hizohizo hurekebisha shinikizo la damu, asidi na potasiamu, na kuiandaa vitamini D ili ilinde mifupa.) Vidonge vya madini ya chuma ni malighafi tu, amri isipokuwepo, mara nyingi havitoshi. Usimnunulie kwa kubahatisha. Apimwe kwanza kiwango cha chuma, na daktari wake aamue kama anahitaji pia sindano za homoni hiyo.

Ulizia vipimo viwili: kreatinini ya damu, inayotumika kukadiria kasi ya uchujaji, na albumini (aina ya protini ya damu) kwenye mkojo. Kasi ikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi 3 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Albumini huanza kuvuja mapema, wakati mgonjwa bado hajisikii lolote, na ndiyo maana nasisitiza kila mwenye kisukari aipime kila mwaka.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki asitumie bila daktari kujua. Nimewaona wagonjwa wakizidiwa kwa sababu yake.

Jambo la mwisho, usilichelewe: figo husaidia kuiondoa insulini na baadhi ya dawa za kisukari mwilini. Zikidhoofu, dozi aliyoizoea inaweza kuwa kubwa mno. Akitetemeka, akatokwa jasho au kuchanganyikiwa, mpime sukari papo hapo. Ikiwa imeshuka na anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari. Akishindwa kumeza, mkimbize hospitali.