Mkoba wa dharura haukai tezi

Wiki iliyopita nilikuwa pwani ya Wete, Pemba, asubuhi, nikawatazama vijana wawili wapya wakipakia kayaki za wageni. Mmoja ana draibegi jipya, mfuko usioingia maji, la rangi ya machungwa, zuri kweli. Akatia filimbi kwanza. Juu yake kisu, kioo, tochi, kisanduku cha dawa. Juu yake tena mataulo sita, mkate wa kumimina, kichane cha ndizi na nguo za kubadili. Akalikunja mdomo mara tatu, akalifunga, akalisukumiza ndani ya ngama ya tezi, yaani shimo la mizigo la nyuma ya kayaki, akakaza kifuniko kwa goti. Kisha akanitazama, anataka nimsifu.

Sikuweza kumsifu. Nimeshamwona mtu akipakia hivyo hivyo, miaka kumi na moja iliyopita, na mtu huyo ni mimi. Nikawaambia wamwage kila kitu mchangani wapakie upya. Safari ikachelewa nusu saa na vijana wakanuna. Wanune tu, ni wadogo zangu. Kununa kwa siku moja si kitu. Lakini kwa kuwa kila msimu naona kosa hili likirudi na uso mwingine, nimeona niyaandike kwa ajili yenu nyote mnaoongoza wageni.

1. Cha kukuokoa kinakaa mwilini. Jaketi la kujiokolea lina mifuko, itumieni. Filimbi ikae begani kwa ugwe mfupi, mdomo uifikie bila msaada wa mkono. Kisu kwenye ala yake, upande wa mkono unaoutumia. Kioo kidogo cha kunyolea, tochi ya kichwa, kibiriti ndani ya kichupa chenye kifuniko. Kayaki ikipinduka, mkono mmoja umeshika kafi na wa pili umemshika mgeni. Wa kufungulia ngama utautoa wapi? Sisi wa Pemba hatuhitaji kuhadithiwa. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama ikitoka Unguja kuja huku, wapo walionusurika kwa kushikilia magodoro, kwa kuwa godoro ndilo lililowapitia mkononi. Kila nikifunga jaketi huwakumbuka watu wale, waliopona na waliobaki baharini.

2. Funga kayaki kabla hujafungua chakula. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Ilikuwa Agosti, miaka hiyo kumi na moja iliyopita, kusi, upepo wa kusini, limekaza, siku mbili baada ya mwezi mpevu, bamvua tupu, maji yanajaa na kukupwa kupita kawaida. Nilikuwa na wageni wawili, mume na mke, wao kwenye kayaki ya watu wawili, mimi kwenye yangu ya mtu mmoja. Saa tano tukapanda kwenye fungu moja la mchanga kusini ya kisiwa cha Fundo. Maji yalikuwa yamekauka, mchanga mweupe hadi jicho linachoka. Asubuhi yake, kabla ya kutoka, niliwapa wageni maelezo yote kama tulivyofundishwa: hii filimbi, hizi fataki za ishara, hii kamba ya kuvutana, haya maji. Niliwaonesha kimoja kimoja. Halafu nikavitia vyote kwenye draibegi langu, pamoja na simu, nikalifungia ngama ya nyuma.

Kayaki zote mbili nilizivuta hatua kumi kutoka kwenye maji. Kamba nilikuwa nayo. Sikufunga, kwa sababu nilijiambia tutakaa dakika ishirini tu. Tukala, tukatembea hadi ncha ya pili kutazama ndege. Bamvua kwetu hupandisha maji karibu mita nne ndani ya saa sita, na kwenye fungu bapa maji huja yakitembea. Ukigeuza uso yameshakupita. Niligeuka nikaiona kayaki ya wageni imelala upande, maji yanailamba ubavu. Yangu haipo pale. Iko mbali kiasi cha kiwanja cha mpira, imenyooka vizuri, inakwenda na upepo kama mtu aliyeagizwa.

Nikaruka majini. Niliogelea hadi mikono ikawa mizito kama mawe, na kila nikiinua kichwa ilikuwa mbali zaidi. Kusi liliipeleka kwenye mlango baina ya visiwa, na nje ya mlango ule ni Mkondo wa Pemba. Hadi leo sijaiona. Ndani yake mlikuwa na filimbi mbili, fataki tatu, lita tisa za maji, dawa, simu iliyojaa chaji na redio.

Niliporudi fungu lilikuwa limebaki kama mkeka. Yule mama wa kigeni hakunikemea. Aliniuliza kwa upole, "Ile filimbi uliyotuonesha asubuhi iko wapi?" Nimeshapigwa na wimbi, nimeshachomwa na taa, yule samaki mwenye mwiba, nimeshazikwa na homa, hakuna kilichoniuma kama swali lile.

Maji yalipofika magotini niliwapandisha kwenye kayaki yao, mimi nikajining'iniza tezi, miguu inapiga maji. Ngalawa ilipita mbali, tanga linaonekana waziwazi. Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka, upepo ukaila yote. Yule mume ndiye aliyechukua kanga nyekundu ya mkewe, akaifunga kwenye ubapa wa kafi na kuiinua juu. Wageni wangu ndio walioniokoa, mimi niliyelipwa kuwalinda. Ngalawa ikageuza. Mzee aliyeshika usukani alinivuta kwa ukosi wa jaketi. Nikamwamkia shikamoo huku natapika maji ya chumvi, akaitika marahaba kama tumekutana barazani. Akatupatia maji kutoka dumu lake, sote watatu tukanywa kwenye kata moja. Njiani akasema neno moja tu: "Mwanangu, roho za watu ni amana, na amana haiwekwi kwenye kitu kinachoelea bila kamba."

Baada ya wiki nilimfuata dagoni kwake, kambini kwa wavuvi, na mchele na sukari. Fedha alikataa. Nikamwomba kipande cha mshipi wa kuvulia, akanikatia kwenye kibao chake. Ndio ugwe wa filimbi yangu mpaka sasa.

3. Maji. Mimi hupigia lita nne kwa mtu kwa siku, na nusu yake kila mtu abebe mwenyewe, asibebewe na kiongozi. Msitegemee visiwa vidogo. Wavuvi wanaopiga dago kisiwa cha Misali huenda na madumu yao, na wao wanakijua kisiwa kuliko mimi na wewe. Yule mzee alikuwa na dumu lake. Mimi mwenye cheti sikuwa na tone.

4. Mawasiliano. Simu ikae kifuani ndani ya mfuko wake, redio ya baharini ibaki chaneli ya 16, ya dharura, na namba ya dharura 112 pamoja na ya kituo cha KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, kinacholinda bahari ya Zanzibar) kilicho karibu ziandikwe kwa wino usiofutika ndani ya jaketi, maana simu ikizima namba zote huzima nayo. Na mwacheni mtu pwani anayejua mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Mtu mwenye jina. "Wanajua pale bandani" si mtu.

5. Dawa. Kisanduku kisijae vitu msivyojua kuvitumia. Bandeji, dawa ya kuoshea kidonda, kibanio cha miiba, dawa zako za kila siku kama unazo, pakiti za kurudisha maji mwilini. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya mlima. Mtu akichomwa na taa, mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri anavyostahimili, kwa nusu saa au zaidi, kisha hospitali. Ndiyo maana chupa yangu ya chai haina chai; ina maji ya moto tu. Vijana huilalamikia sana chupa ile.

6. Tepu pana izungusheni kwenye mpini wa kafi, itaziba ufa wa kayaki. Kafi ya akiba, moja kwa kila kundi. Upo wa kufulia maji yaliyoingia chomboni ufungwe kwa kamba. Koti jepesi la upepo kwa kila mtu hata kama jua linachoma, kwani mtu aliyelowa mbele ya kusi hutetemeka hapa hapa kwetu.

Jumamosi maji yatakuwa mafu, hayajai wala kukupwa sana. Nawataka wote pwani saa moja asubuhi, na majaketi mliyopakia wenyewe nyumbani. Mtaingia majini hadi kifuani, nitawafunga macho kwa leso, na nitataja kitu kimoja: kisu, au filimbi, au kioo. Kila mmoja anioneshe kwa mkono mmoja, kabla sijahesabu kumi. Yule mwenye draibegi la machungwa ataanza.