Kazi ya kuzunguka na hadubini: ijue sampuli kwanza

Wiki hii kijana mmoja anayesoma fizikia ameniandikia: "Kaka, hiyo kazi yako naipataje?" Najibu hapa, maana najua mnaoitamani ni wengi.

Niko Ujerumani, kwenye kampuni inayouza hadubini za nguvu za atomu, AFM. Hizi hazionei kwa lenzi. Kuna ncha kali mno, nusu kipenyo chake kama nanomita 10, inayopapasa uso wa sampuli huku leza ikisoma inavyopanda na kushuka. Fundi akishafunga mashine, mimi nabaki na mteja mpaka apate picha ya kitu chake mwenyewe.

Kuna profesa mmoja aliniona nimeingia maabara na begi langu, akaniuliza mhandisi anafika saa ngapi. Nikamwambia ndiye mimi, nikafungua kisanduku cha ncha. Bado inaniuma, sifichi. Sasa, picha zake za chembe za dhahabu zilikuwa pembetatu tupu, zote zimeelekea upande mmoja, na alishaanza kuziandikia makala. Nikaizungusha sampuli nyuzi 90, nikaskani upya. Pembetatu hazikuzunguka! Maana yake hazikuwa chembe. Ncha ilikuwa imevunjika, inachora umbo lake yenyewe. Nikaweka ncha mpya, chembe zikatoka mviringo. Leo akikwama ananipigia mimi, si mtu wa mauzo.

Kwa hiyo vijana, jifunzeni sampuli. Vitufe vya mashine kampuni itakufundisha. Kabla ya safari muulize mteja: sampuli ni laini au ngumu? Ni kavu au iko majini? Chumba kiko ghorofa ya ngapi, lifti iko karibu? Mtetemo wa lifti na upepo wa kiyoyozi vyote huingia kwenye picha. Tembea na kipande cha maika, madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka, na selotepu. Ukibandua tabaka la juu unapata uso tambarare kabisa, na mawimbi yakionekana hata hapo, usiilaumu sampuli ya mtu.

Na usiahidi picha ambayo hujawahi kuipata, hata bosi akikusukuma vipi. Mteja akidanganywa mara moja hasahau. Jifunzeni sampuli, narudia.

Wengi kwenye kazi hii wana shahada ya uzamivu, lakini usiisubiri ndipo uanze. Kama chuoni kwenu kuna hadubini ya elektroni, hata kuukuu, mwombe fundi wa maabara umsaidie kuandaa sampuli. Mimi nilianzia hapo.