Mistari ya Kiswahili haikai kwenye tuni? Angalia mkazo

Umeuliza kwa nini nyimbo zako za Kiingereza zinateleza kwenye gitaa, ila ukiandika Kiswahili zinasikika zimebanwa. Sauti yako haina shida, ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza kiambishi mkazo unahama: "nyumba" inakazwa kwenye "nyu", "nyumbani" kwenye "mba". Tuni iliyoishia na neno la kwanza haipokei la pili hivihivi.

Tena maana inaweza kupotea. Imba "barabara ya Ngong" pigo zito likiangukia "ra" ya kwanza, na msikilizaji wa Nairobi anasikia "sawasawa", si njia.

Kabla ya kushika gitaa, soma mstari kwa sauti ya kawaida ukigonga meza nne kwa nne, yaani mapigo manne manne. Silabi iliyokazwa iangukie pigo la 1 au la 3. Ikikataa, usivute neno, anza mstari nusu pigo mapema au punguza silabi: "ninakupenda" ni 5, "nakupenda" ni 4. Washairi wa kale walihesabu mizani, yaani silabi, 8 kwa 8, na hesabu hiyo inaingia vizuri kwenye baa mbili (makundi mawili ya mapigo) za nne kwa nne.

Vina vya "pendana, onana, kutana" ni rahisi mno, sikio linachoka kwenye ubeti wa pili. Maliza mistari miwili kati ya minne na nomino. Sheng? Sawa, bora uitumie pale ungeiongea, si kutafuta kina.