Maswali ya wasomaji: Magoti yanalia, vidonge haviishi

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi mama wa miaka 56, magoti yananiuma mwaka wa pili sasa, hasa nikishuka ngazi au nikikaa sana halafu nisimame, yanalia kabisa. Asubuhi yanakaza kidogo ila nikitembeatembea yanaachia. Duka la dawa wananipa diclofenac, nikimeza nafuu, nikiacha yanarudi palepale. Ndugu zangu wanasema nisitembee sana yasije yakaisha kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Umenirahisishia kusema asubuhi yanaachia haraka, maana hilo ndo ningekuuliza kwanza. Goti linalokaza chini ya nusu saa hivi halafu likalegea, na linauma zaidi ukilitumia, kwa umri wako mara nyingi ni osteoathraitisi, ile gegedu inayofunika ncha za mifupa inalika taratibu. Ingekuwa unakaza saa nzima au zaidi na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, ningekwambia wahi hospitali ukapime damu, maana hapo inaweza kuwa baridi yabisi ya kinga ya mwili kushambulia maungio, na hiyo ukichelewa dawa zake inapindisha viungo.

Hao ndugu wanakutakia mema lakini wanakuponza. Goti linashikiliwa na misuli ya paja, ukikaa tu misuli inalegea, mzigo wote unabaki kwenye goti, linauma zaidi, na wewe unazidi kukaa. Fanya hivi: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka unyooke kabisa, kaza paja, hesabu mpaka tano, shusha polepole, kama mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Usitegemee kitu wiki ya kwanza. Kuuma kidogo wakati wa zoezi sio shida, ila kesho yake likiwa linauma kuliko kawaida basi punguza. Na kama mwili umezidi, kila kilo moja ukipunguza goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kila hatua, kwahiyo hata kilo tano sio mchezo. Ngazi kupanda tanguliza mguu wenye nafuu, kushuka tanguliza ule unaouma zaidi. Ukitumia fimbo shika mkono wa upande usiouma, wengi sana wanashika kinyume.

Diclofenac inatuliza tu, haijengi gegedu, na ukiimeza miezi na miezi inachoma tumbo, inachosha figo na kupandisha presha. Kama una presha au vidonda vya tumbo usiendelee nayo bila kuongea na daktari. Ya kupaka ni afadhali zaidi kwa goti, inaingia kidogo sana kwenye damu. Na vile vidonge vya kufungiwa kwenye karatasi bila jina, vinavyoondoa maumivu usiku mmoja, achana navyo, mara nyingine ndani kuna steroidi, dawa kali za aina ya homoni. Ila kama ushavimeza wiki nyingi usikate ghafla, nenda navyo hospitali.

SWALI: Dokta, kidole gumba cha mguu kiliniamsha saa nane usiku, kimevimba, chekundu, hata shuka likigusa nataka kulia. Baada ya wiki kikapona chenyewe. Ndo nimepona?

JIBU: Hujapona kaka, imepumzika tu. Hiyo inafanana sana na jongo, asidi ya yuriki imezidi mwilini na kutengeneza fuwele, yaani chembe ndogo ngumu, kwenye kiungo. Pima sasa hivi wakati umetulia, kwasababu wakati wa maumivu kipimo kinaweza kusoma kawaida kikakudanganya. Bia, maini na nyama nyekundu punguza, maji kunywa ya kutosha, na kama inarudirudi kuna dawa za kushusha hiyo asidi ambazo unameza kila siku hata kama huumwi. Ila siku kiungo kikivimba hivyo halafu una homa, usisubiri kesho, inaweza kuwa bakteria wameingia ndani na wanaharibu kiungo ndani ya siku chache tu.

SWALI: Kupasua vidole kunaleta baridi yabisi?

JIBU: Hapana. Mlio ni kiputo cha gesi kwenye ute wa maungio. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alipasua vidole vya mkono mmoja tu kwa miaka zaidi ya 60, mwisho akalinganisha na ule mwingine, hakuna uliopata. Pasua tu, labda wanaokaa karibu yako ndo watakasirika. Ila kidole kikilia na kuuma, au kimevimba, hiyo ni habari nyingine, kapimwe.