Mkunga hazai bwawani, hata umchome sindano ngapi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina mabwawa mawili hapa Usa River, nafuga kambare na sato. Marehemu babu alikuwa akitusimulia mikunga wakubwa, wale samaki warefu kama nyoka, waliowavua mto Kikuletwa, siku hizi hawaonekani kabisa. Kuna jamaa ananiuzia vifaranga vya mkunga, anasema vimezalishwa kituoni, na kwamba nikiwachoma homoni kama kambare watazaa humu humu. Wengine niuze, wengine niwarudishe mtoni wasipotee. Nichimbe bwawa la ukubwa gani, na pH (uchachu wa maji) iwe ngapi? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Marahaba. Bwawa na pH viweke kando kwanza, maana hata uchimbe shimo lenye ukubwa wa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mkunga hatazaa humo. Swali hili hunifikia karibu kila masika, linabadilika jina la mji tu: jana Boma Ng'ombe, juzi Tengeru. Na kila mara kuna "jamaa".

Kambare umezoea kumchoma jioni, kesho yake unakamua mayai. Mkunga si kambare aliyerefuka. Huzaa mara moja tu maishani, baharini, mbali na macho ya mtu, kisha anakufa. Hawa wa mito yetu inayomwaga Bahari ya Hindi, watafiti wanaamini hutagia upande wa mashariki ya Madagaska. Kiluwiluwi chake ni bapa kama jani. Mikondo inakibeba hadi pwani, na hapo kinageuka kijimkunga chembamba, kirefu kama kidole, kinachoonyesha uti wa mgongo kama kioo. Hicho ndicho kinachoingia mdomo wa mto Pangani na kuanza kupanda kuja huku kwetu. Akifika anatulia miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, anakula na kunenepa. Akipevuka macho yanakuwa makubwa, utumbo unasinyaa kwa sababu hatakula tena, na anaishika njia ya baharini. Kwako atanenepa tu, basi. Tena wakisongamana bwawani wengi huwa madume, maana jinsia ya mkunga hutegemea sana mazingira anayokulia. Huyu jina lake tu ndilo la mkunga; wa kuzalisha nenda leba.

Wajapani, wanaompenda mkunga mezani kama sisi tunavyopenda nyama choma, waliangua mayai yake maabara mwaka 1973. Kumtoa kwenye yai hadi akue na yeye azae waliweza mwaka 2010. Ilikuwa homoni kila wiki kwa miezi, na viluwiluwi vinalishwa uji wa mayai ya papa. Baada ya kazi yote hiyo, mashamba yao bado hujazwa vijimkunga vilivyovuliwa porini. Sasa huyo jamaa wako, mwenye ndoo na pikipiki, amewapita Wajapani wapi?

Kwa hiyo alichonacho kwenye ndoo kimevuliwa mtoni. Hakuna kituo. (Na akikwambia damu yake mbichi ni dawa ya nguvu, mfukuze kabisa. Damu mbichi ya mkunga ina sumu. Moto wa jikoni ndio unaoiondoa.)

Kinachoniudhi kuliko uongo wa muuzaji ni ile imani kwamba kufuga kunampumzisha samaki wa mtoni. Kwa kambare na sato, naweza kukubali. Kwa mkunga, kufuga ndiko kuvua kwenyewe, ila unamvua mtoto kabla hajafika popote. Tazama Ulaya: vijimkunga vinavyofika mito ya Bahari ya Kaskazini vimeshuka hadi karibu asilimia 1 ya ilivyokuwa kati ya 1960 na 1979. Umoja wa Ulaya ulizuia kuwauza nje tangu 2010, na bado watu wanakamatwa viwanja vya ndege wakiwa nao kwenye masanduku ya nguo. Biashara hiyo hiyo ya mikunga hai ndiyo iliyoipelekea Ulaya, miaka ya 1980, mnyoo wa Asia unaokaa kwenye kifuko cha hewa cha samaki.

Mikunga wa babu hawakuisha kwa kukosa wafugaji. Walifungiwa mlango. Kituo cha Hale, kwenye mto Pangani, kilianza kufua umeme mwaka 1964, bwawa la Nyumba ya Mungu likafuata miaka hiyo hiyo ya sitini, kituo cha New Pangani Falls mwaka 1995. Kijimkunga hupanda hata mwamba wa maporomoko akijinyonganyonga, mradi umelowa. Ukuta mkavu wa zege haupandi. Mkubwa anayeshuka naye anakutana na mapangaboi ya mitambo, na urefu wake ndio unaomponza. Ongeza mifereji ya mpunga na mboga inayokamua mto kiangazi. Dawa yake inajulikana: kijia chembamba chenye brashi au kokoto kinachotiririsha maji kidogo pembeni ya ukuta, nondo za kumzuia asiingie kwenye mitambo na upenyo wa kumpitisha pembeni, na maji yaachwe mtoni kiangazi. Mambo hayo huyafanyi wewe kwa ndoo. Yapeleke kwenye jumuiya yenu ya watumia maji, nayo iyafikishe Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi yao iko hapa Moshi.

Na hili la "kuwarudisha mtoni" nalisikia kwa kila aina ya samaki, si mkunga tu. Bonde hili lina perege wake wa asili, yule wa Pangani na yule wa Ziwa Jipe, wasiopatikana kwingine duniani. Sato akitoroka bwawani mvua ikifurika, huzaana na perege wa kienyeji, na baada ya vizazi kadhaa hujui tena unavua nani. Kabla ya kufikiria mkunga, kagua wavu kwenye bomba lako la kutolea maji.

Jamaa akirudi, muombe akuonyeshe mikunga wazazi na mayai yao. Kama umeshanunua, usiwamwage Kikuletwa kimyakimya. Wapeleke kwa afisa uvuvi wa halmashauri pamoja na maelezo ya ulikowapata. Na pH ya kambare na sato wako, kati ya 6.5 na 8.5 inatosha.