Maswali ya Wasomaji: Alizeti Tumelima Wote, Hela Anakula Mmoja

SWALI: Tunalima alizeti na mtama. Kupalilia tunapalilia wote, kupiga na kupepeta ni mimi na watoto. Mchuuzi akija, baba watoto anauza peke yake. Nikiuliza hela naambiwa nisimpangie. Mwaka huu nimeanza kuchota debe mojamoja na kuuza dukani kimyakimya. Nakosea?
Mama wa watoto wanne, Chamwino

JIBU: Mama, ubinafsi wa mumeo hauna utetezi. Ila debe la kificho linakuumiza mwenyewe. Anayeuza kwa siri hawezi kuzunguka akilinganisha bei, na mwenye duka analijua hilo. Siku mumeo akigundua, hela zake hazitazungumzwa tena. Utazungumzwa wizi wako. Acha.

Kaeni kabla mchuuzi hajafika, maana hela ikishaingia mfukoni kila swali linasikika kama shutuma. Chagua jioni ambayo hajanywa, uwe na daftari. Anza na chakula, hapo hakuna wa kubisha. Pima unga mnaosonga kwa siku: ukiwa kilo 2, mwaka mzima ni kilo 730, yaani gunia saba za kilo 100 na ziada ya kilo 30. Hizo haziuzwi. Dodoma mvua ni msimu mmoja. Mtama mliouuza Juni mtaununua Januari kwa bei ya njaa. Kisha tengeni mbegu na sare za shule. Alizeti inayobaki ndiyo ya kujadili: gunia ngapi ziuzwe, ngapi zikamuliwe (na mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, yasisahaulike, mwenye mashine asije akayabakiza bila makubaliano).

Halafu kila mmoja apate fungu lake dogo la kutumia bila kuulizwa. Mipango mingi huvunjikia hapa: asiyeachiwa hata ya kahawa atagusa ya mbegu. Na wewe, kama una akiba kwenye kikoba, itaje siku hiyohiyo.

Akigoma, muite mshenga wenu kwanza. Ikishindikana, ofisa ustawi wa jamii. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamtaka mume ampe mke malazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Tena tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, sembuse kupepeta alizeti.

SWALI: Mke wangu ni mwalimu, mimi nina duka. Anasema mshahara wake ni wake. Sheria inasemaje?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Inambeba yeye. Kifungu hichohicho kinamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume pale tu majeraha au maradhi ya mwili au akili yanapomzuia kujipatia riziki. Kwa hiyo usidai, mwombe mgawane majukumu kwa majina: umeme na chakula vyako, ada na mavazi ya watoto vyake. Na kabla ya kuuliza mshahara wake, mfungulie daftari la mauzo ya duka.